Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Kuhimili Mazombi Wakizingira

Vijana wa Bombo, hapa Uganda, walituletea masharti kama mteja anavyomletea fundi: nyumba ya watu sita, kiwanja cha futi 50 kwa 100, adui ni mazombi. Hawachoki, hawapandi ukuta, wanafuata sauti na mwanga, na wakikuuma umeambukizwa. Tuliyapokea masharti hayo jinsi yalivyo. Mwaka 2011 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliwatumia mazombi kuwafundisha wananchi kujiandaa kwa vimbunga na milipuko ya maradhi, na somo lilieleweka. Nyumba inayoweza kufungwa miezi mitatu bila kumuua aliyemo ina kazi hata mazombi wasipokuja. Wakazi wa Mubende na Kassanda waliofungiwa wilaya zao wakati wa Ebola mwaka 2022 hawahitaji kuelezwa.

Kikundi cha vijana, Bombo: *Ndugu wahariri, habari za kazi. Tumechora ukuta wa matofali ya kuchoma, unene sentimita 23, urefu mita 2.4, juu vipande vya chupa na seng'enge. Mzee mmoja jirani, fundi, kasema umati utauangusha kwa dakika chache. Sisi tunaona ukuta wa unene huo ni mzito mno kuangushwa na watu. Nani yuko sahihi?*

Mzee yuko sahihi, vijana wetu. Piga hesabu ya mita moja ya ukuta huo. Matofali na saruji vina uzito wa kama kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya ukuta ina karibu kilo 1,000. Ni nyingi kweli, lakini ukuta ukisukumwa haubebwi, unapinduka juu ya ukingo wake wa chini, na kutoka katikati ya ukuta hadi ukingo huo ni sentimita 11.5 tu. Zidisha kilo 1,000 kwa mita 0.115 upate 115. Umati unasukuma kwenye usawa wa kifua, mita 1.1 hivi kutoka chini. Gawanya 115 kwa 1.1. Msukumo wa kama kilo 100 kwa kila mita unatosha kuulaza ukuta wenu. Mtu mzima aliyekaza miguu anatoa kilo 30 hadi 50, na kwenye mita moja wanasimama wawili bega kwa bega, nyuma yao safu nyingine, na nyingine. Vizuizi vya viwanja vya mpira Uingereza huundwa kubeba hadi kilo 500 hivi kwa kila mita, kwa sababu umati uliobanana hufikia huko bila mtu yeyote kukusudia. Chupa na seng'enge ni za mwizi anayejali mikono yake. Kwa asiyesikia maumivu hazifanyi lolote.

Msiongeze unene wa tofali, mtamaliza fedha bure. Wekeni mifupa ya zege. Nguzo kila mita 3, sentimita 23 kwa 23, kila moja nondo nne za milimita 16 na ringi (pete za chuma zinazozifunga nondo) za milimita 8 kila sentimita 15. Msijaribu nondo za milimita 12 kwenye nguzo hizo: tumezipigia hesabu kwa msukumo wa kilo 500 na zinapungukiwa. Kitako cha nguzo kiwe mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 30, sakafu yake mita 1 chini ya ardhi, na nondo za nguzo zikunjwe miguu ya sentimita 40 ndani ya kitako. Kisha mkanda wa zege mlalo, sentimita 23 kwa 20, wenye nondo nne za milimita 12, upite ukuta mzima kwenye usawa ule ule wa kifua, mita 1.1, na ncha zake zifungwe ndani ya nguzo. Mkanda huo ndio unaopokea msukumo na kuupeleka kwenye nguzo. Mafundi wengi huuweka juu kabisa ya ukuta peke yake, na matofali ya katikati yanatoboka kama mlango.

Vitako vya mita 1.2 vitatokeza upande wa jirani, kwa hiyo rudisheni ukuta ndani nusu mita. Mzunguko unabaki kama mita 86, nguzo 29. Kwa zege pekee tengeni mifuko 150 ya saruji ya kilo 50. Vitako vichanganywe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nguzo na mkanda 1:1.5:3. Nondo za milimita 16 ni 39 za mita 12, kila moja ikikatwa vipande vitatu vya mita 3.9 na kubaki kipande kidogo. Anayewaambia nne zinatoka kwenye nondo moja anafupisha ile miguu ya nondo ndani ya kitako, na hapo ndipo nguzo itakapong'oka.

Ukuta wa namna hii ukianguka, mara nyingi chanzo ni mambo manne. Mchanga wenye udongo: weka mchanga theluthi ya chupa, jaza maji, tikisa, acha usiku kucha, tabaka la tope juu likiwa nene, urudishe mchanga kwa aliyeuza. Maji mengi kwenye zege ili limwagike kirahisi. Zege kuachwa likauke juani badala ya kumwagiwa maji siku saba, asubuhi na jioni, likiwa limefunikwa magunia au majani ya ndizi. La nne ni mvua. Kwenye vilima vya Kampala ukuta unazuia maji yanayoteremka, udongo wa upande wa juu unalowa na kuusukuma kabla hata ya zombi wa kwanza. Acheni matundu ya kutolea maji, bomba la milimita 75 kila mita 1.5, chini kabisa, yenye kokoto upande wa mlima na wavu.

Matofali nayo yana yake. Tanuri zetu za kienyeji huchoma katikati vizuri na pembeni vibaya. Gonganisha mawili: yaliyoiva yanalia kama chuma, mabichi yanatoa sauti ya gogo. Loweka moja usiku. Likimeguka kwa kidole halifai hata kwa choo.

Kabla ya kuchimba, kibali cha ujenzi kutoka kwa halmashauri yenu na mhandisi wa kuangalia udongo. Vipimo hivi ni vya moramu ngumu, udongo mwekundu wenye changarawe. Ukingoni mwa kinamasi havifai.

Mwalimu wa historia, Sembabule: *Wazee wetu walichimba mahandaki Bigo bya Mugenyi. Je, handaki halishindi ukuta kwa gharama?*

Kwa gharama linashinda, mwalimu, na kwa adui asiyepanda ni kinga bora kuliko ukuta. Mahandaki ya Bigo, kusini mwa mto Katonga, yana urefu wa zaidi ya kilomita 10 na mengine yanafika kina cha mita 4, nayo yamesimama kwa karne nyingi. Leo mahandaki ya kuzuia tembo kuzunguka hifadhi ya Kibale huchimbwa kwa upana na kina cha mita 2 hivi. Ila udongo unaotoka ndio mzigo: upana mita 2, kina mita 2, mzunguko mita 86, ni mita za ujazo 344, na kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 hakuna pa kuumwaga wala nafasi ya handaki lenyewe. Handaki ni la mwenye ekari. Akichimba, ukingo wa ndani uwe wima na umejengewa mawe, wa nje uwe mteremko, na udongo wote urundikwe upande wa ndani. Likijaa maji ya mvua linakuwa kiwanda cha mbu, kwa hiyo lazima liwe na njia ya kutoa maji kuelekea bondeni.

Fundi wa kuchomelea, Jinja: *Wateja wanataka geti zito, bati la milimita 3. Je, unene huo unatosha?*

Ndugu fundi, geti haling'oki bati. Linang'oka bawaba, komeo na fremu. Bati la milimita 2 juu ya fremu ya bomba la mraba la milimita 50 linatosha kabisa ukitandaza mbavu za bomba la milimita 40 kila sentimita 40. Fedha iliyobaki itie kwenye bawaba tatu za kila upande wa geti, na nguzo za geti ziwe na nondo sita badala ya nne. Chomelea mshono mzima. Vitone vya kuchomelea kila sentimita 20 ndivyo vinavyoachia kwanza geti likitikiswa usiku kucha.

Geti lifunguke kuelekea nje, likiegemea mdomo wa chuma uliozama kwenye zege, ili kila anayesukuma analikaza zaidi. Hasara yake ni kwamba umati ukiegemea hutoki. Ndiyo sababu kila ngome lazima iwe na mlango wa pili upande wa nyuma, mdogo: sentimita 60 kwa 90 unatosha. Manyata za Wakaramojong zina miingilio ya chini hivyo hivyo ndani ya uzio wa miiba. Mgeni anainama, kichwa mbele, na wa ndani anamwona kabla yeye hajaona kitu. Sisi tungejenga milango miwili inayofuatana, kati yake kichumba cha mita 1.5 kwa 2, na wa ndani haufunguliwi wa nje ukiwa wazi. Humo ndimo mtu anavua viatu na kunawa.

Fremu za milango ya nyumba ziwe na vishikizo sita vya chuma vilivyozama sentimita 15 ndani ya zege. Fremu iliyoshikwa na plasta tu, teke moja linaitoa.

Mama wa watoto wanne, Ntinda: *Nyumba yangu ina grili kila dirisha. Mume wangu anataka tuongeze vyuma kwenye milango ya vyumba pia. Mimi naogopa moto.*

Mama, hofu yako ina msingi, na tunamwomba baba wa nyumba asome jibu hili. Nyumba iliyofungwa vyuma pande zote inaua watu wake kwa moto na moshi, na hilo linatokea nchini mwetu bila zombi hata mmoja. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye bawaba, uwazi usiopungua sentimita 50 kwa 80, unaofunguka kwa komeo la ndani. Kama lazima iwe kufuli, ufunguo utundikwe ukutani pale mkono wa mtoto unapofika lakini wa mtu aliyeko nje ya dirisha haufiki: mita 1.5 pembeni inatosha. Funguo zote za grili ziwe za aina moja. Fanyeni zoezi usiku, taa zimezimwa, mpaka mtoto mdogo aweze kufungua peke yake. Nondo za grili ziwe za mraba milimita 12, nafasi kati yake sentimita 10.

Milango ya vyumba iache ya mbao.

La pili ni sigiri, jiko la mkaa. Mkaa uliokolea hautoi moshi lakini unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Kwenye chumba kilichozibwa kila tundu mnalala na hamwamki. Watu wakiogopa walioko nje, jambo la kwanza wanalofanya ni kuziba matundu ya hewa juu ya madirisha. Msizibe hata moja. Wekeni wavu wa chuma. Sigiri ipikiwe chini ya paa lililo wazi pande mbili, jenereta ikae nje kabisa. Sigiri isiingizwe ndani kupasha joto hata huko Kabale kwenye baridi.

Msomaji, Masaka: *Tuchimbe kisima ndani ya ukuta?*

Kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, hapana. Kisima na choo cha shimo vinatakiwa kutengana mita 30, na kiwanja kizima kina urefu huo huo. Tegemeeni paa. Kanuni ni rahisi: eneo la paa kwa mita za mraba, mara mvua kwa milimita, mara 0.8, unapata lita. Paa la mita 80, kwa mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka kama ya Kampala, linatoa lita 76,800, yaani lita 210 kwa siku. Watu sita kwa lita 15 kila mmoja wanatumia 90. Maji yapo. Tatizo ni kiangazi. Wekeni matenki mawili ya lita 5,000, siyo moja la 10,000, kwa sababu moja likichafuka au kupasuka mnabaki na la pili. Yakijaa, yanawatosha siku 111 bila tone la mvua. Mkibana hadi lita 7.5 kwa mtu, mara mbili ya hapo.

Tenki lililojaa ni tani 5. Kitako kiwe cha zege au mawe yaliyojengwa, siyo mbao. Lita 40 za kwanza za kila mvua zimwageni, ndizo zinazobeba kinyesi cha ndege na vumbi. Bomba la wima lenye kizibo chini linafanya kazi hiyo lenyewe. Tenki liwe jeusi au limefunikwa, la sivyo linaota ukijani, na kila mdomo uwe na wavu wa mbu.

Ya kunywa: Jiki (klorini ya maji ya kufulia) ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, robo kijiko cha chai kwa jerikeni ya lita 20 ya maji maangavu, subirini nusu saa. Jiki inapoteza nguvu kwa joto na muda, kwa hiyo ikae gizani, na iliyozidi nusu mwaka msiitegemee. Ikiisha, jua linabaki: chupa za plastiki angavu za lita 1 au 2, zilazwe juu ya bati kwa muda wa saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Maji ya tope lazima yachujwe kwanza, jua halipenyi.

Msomaji, Mbale: *Tunaweza kulima chakula chote ndani ya ukuta?*

Hapana, dada. Tuseme mmebakiwa na mita za mraba 200 baada ya nyumba. Mahindi yakistawi, gramu 250 kwa kila mita, mnavuna kilo 50. Watu sita wanakula kilo 2.4 kwa siku. Ni wiki tatu tu. Bustani iwe ya mboga: dodo (mchicha) inaanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne, sukuma wiki inaendelea miezi. Wanga uwekwe akiba. Kwa siku 90, watu sita: kilo 216 za mahindi au unga, kilo 33 za maharagwe, lita 15 za mafuta, kilo 3 za chumvi.

Wekeni mahindi yenyewe, si unga, na mashine ya kusaga ya mkono. Unga unachacha na kuingia wadudu ndani ya miezi. Punje ziwe na unyevu usiozidi asilimia 13. Kipimo cha nyumbani cha kukadiria tu: chupa kavu, punje theluthi ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ukiyafungia mabichi yanaota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Tumieni mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake. Panya akitoboa mmoja wadudu wanafufuka, kwa hiyo mifuko ikae juu ya ubao, mbali na ukuta.

Kuku wana kelele, na jogoo hasa atawaita mazombi alfajiri. Fugeni sungura: hawapigi kelele, mimba ni siku 31, na wanakula majani ya mboga zile zile.

Muuguzi, Gulu: *Mtu wa familia akirudi ameumwa na zombi, mnamweka wapi?*

Swali zito, na Gulu inalijua tangu Ebola ya mwaka 2000. Chumba cha pembeni chenye mlango wake wa nje, dirisha lake, choo chake, kisichopitisha hewa kwenda ndani. Chakula kipite kwenye kidirisha. Sakafu ya saruji laini inayooshwa, pembe za mviringo. Dawa ya kuosha damu na matapishi ni klorini ya asilimia 0.5: kipimo kimoja cha Jiki ya 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Ya mikono ni asilimia 0.05: chukua ile ya kwanza, kipimo kimoja, ongeza maji vipimo tisa. Zichanganywe upya kila siku. Kwa Ebola muda wa kuangalia ni siku 21.

Kwa kuumwa kwenyewe, ugonjwa wa kweli ulio karibu na zombi ni kichaa cha mbwa, nacho kipo Uganda. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo siku hiyo hiyo. Siku 21 hazikuhakikishii kitu hapo, virusi vinaweza kukaa wiki au miezi. Dalili zikianza hakuna tiba, kwa hiyo usisubiri.

Kijana, Entebbe: *Kwa nini tusihamie visiwa vya Ssese tu?*

Kwa zombi asiyeogelea, kisiwa ni kizuri. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia kwenye visiwa hivyo hivyo hadi serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi. Mbung'o, inzi anayeueneza, hakuzuiwa na maji. Ukienda, beba kila tulichotaja hapo juu isipokuwa ukuta, na zaidi saruji ya kitako cha tenki, maana kuivusha baadaye kwa mtumbwi ni taabu. Ukanda wa mita 200 kutoka majini usijenge, ziwa hupanda. Mwaka 2020 Victoria lilifurika hadi kwenye nyumba na mahoteli ya ufukweni. Maji ya kuoga yasichotwe na kutumika papo hapo kwa sababu ya kichocho. Yaache kwenye pipa lililofunikwa saa 48, konokono wasiingie, vijidudu vyake vitakuwa vimekufa.